Wema Pekee Haumfikishi Mtu Mbinguni

Misibani husikika mara nyingi kwamba marehemu alikuwa mtu wa watu, alisomesha yatima, hakuwahi kukosana na jirani, basi mbingu ni yake. Anayesema hivyo anafariji, wala simlaumu. Ila hitimisho hilo si mafundisho ya Ukristo. Wakatoliki, Waorthodoksi, Walutheri na Waanglikana wanatofautiana katika mengi, lakini hakuna hata mmoja wao anayefundisha kwamba mtu huingia mbinguni kwa wema wake mwenyewe.

Suala hili liliamuliwa mapema, tena hapa Afrika. Mwanzoni mwa karne ya 5, Pelagius, mwalimu mwenye asili ya Britania aliyeishi Roma, alichukizwa na ulegevu wa Wakristo wa mji ule. Akafundisha kwamba binadamu, akiamua kweli, ana uwezo wa kuzishika amri za Mungu na kuishi bila dhambi. Augustino, askofu wa Hippo katika Algeria ya leo, akamkatalia. Kwake, utashi wa binadamu umejeruhiwa, na hata ile hatua ya kwanza ya kumrudia Mungu mtu haipigi asipovutwa na neema. Mwaka 418 maaskofu wa Afrika walikutana Carthage wakayakataa mafundisho ya Pelagius, na Mtaguso wa Efeso wa mwaka 431 ukawahukumu waliomfuata.

Wengi hudhani kwamba Martin Luther alipopinga biashara ya hati za rehema mwaka 1517, upande wa pili ulikuwa unatetea wokovu kwa matendo. Biashara ile ilikuwa aibu, na Luther alikuwa na haki ya kuipigia kelele. Hata hivyo, Mtaguso wa Trento wa Kanisa Katoliki ulipotoa tamko lake juu ya kuhesabiwa haki, Januari 1547, kanuni yake ya kwanza kabisa ilimlaani anayesema kwamba mtu aweza kuhesabiwa haki mbele ya Mungu kwa matendo yake bila neema iletwayo na Kristo. Ugomvi ulikuwa juu ya nafasi ya matendo baada ya neema kumfikia mtu. Luther alisema matendo ni matunda ya imani na hayaongezi kitu katika kukubaliwa na Mungu. Trento ikasema neema humgeuza mtu kwa ndani, na matendo anayoyafanya akiwa ndani ya neema hiyo humkuza katika haki.

Ilichukua zaidi ya miaka 450 kupatana juu ya mambo ya msingi. Tarehe 31 Oktoba 1999, mjini Augsburg, Kanisa Katoliki na Shirikisho la Kilutheri Duniani walitia saini tamko la pamoja: Mungu humkubali mtu kwa neema tu, kwa imani katika kazi ya Kristo, si kwa stahili yake, na Roho Mtakatifu humwezesha kutenda mema. Wamethodisti walijiunga mwaka 2006. Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) ni mwanachama wa Shirikisho hilo, kwa hiyo tamko hili linawahusu moja kwa moja Mlutheri na Mkatoliki wanaokaa mtaa mmoja Moshi au Bukoba. Inasikitisha kwamba mimbarani halitajwi sana.

Je, katika Biblia, Yakobo anayesisitiza matendo hampingi Paulo anayesisitiza imani? Wote wawili wanamtumia Ibrahimu yuleyule. Paulo anamshika katika Mwanzo 15, pale alipoamini ahadi ya Mungu kabla ya kutahiriwa, kwa sababu anajibu waliotaka kuwatwisha watu wa mataifa tohara na torati. Yakobo anamshika katika Mwanzo 22, pale alipomtoa Isaka, kwa sababu anajibu watu wanaomtakia heri mwenye njaa huku wakimwacha aondoke mikono mitupu. Mmoja anaeleza mtu anavyopokelewa na Mungu. Mwingine anaifichua imani ambayo haijawahi kuwa hai.

Mathayo 25 ndiyo sura inayonigusa zaidi. Waliowalisha wenye njaa na kuwatembelea wafungwa wanaitwa kuurithi ufalme, nao wanashangaa, wanauliza ni lini walifanya hayo. Hawakuwa na daftari la wema wao. Mtu anayehesabu sadaka zake ili adai malipo siku ya mwisho hafanani nao hata kidogo. Na yule mhalifu aliyesulubiwa pamoja na Yesu hakuwa na muda wa kutenda lolote zaidi ya kuomba akumbukwe, akaahidiwa peponi siku ileile.

Wanaosema matendo hayana maana nao wamekosea. Waefeso 2:8-9 hukaririwa sana, kwamba wokovu ni zawadi, wala hautokani na matendo. Unayezijua aya hizo kwa moyo, usiishie hapo. Soma na aya ya 10, inayosema tuliumbwa katika Kristo ili tutende mema, kisha uende ukayatende.