Kompyuta Kuukuu Inapogoma Kuwaka

Kompyuta kuukuu ikizimika kila inapowashwa, wengi hudhani imekufa, wakaifuta yote. Barua, hesabu na picha za jamaa hupotea pamoja nayo. Haraka hiyo haina baraka, kwani huenda ni vitu viwili ndani yake vinavyogombea nafasi moja.

Kompyuta za miaka ya 1990 zilikuwa na njia 16 tu za vifaa kuuita ubongo wa mashine, na nyingi zilikwisha kutwaliwa. Kadi ya sauti na kadi ya mtandao zikipewa njia moja, mashine huweza kukwama. Programu mbili za kukinga virusi nazo aghalabu hazipatani.

Kwa mashine yenye Windows 98, kitufe cha F8 hubonyezwa inapoanza kuwaka, kisha huchaguliwa Safe Mode. Hapo huamka na yale ya lazima tu. Kwanza nyaraka zinakiliwe kwenye diski. Ndipo programu iliyoingizwa mwisho iondolewe. Ikishindikana, waya wa umeme uchomolewe, kadi iliyotiwa mwisho itolewe, na mashine ijaribiwe tena.

Mgeni wa mwisho ndiye wa kushukiwa kwanza. Kufuta yote ni shauri la mwisho.