Magari ya majitaka Kampala yafuatiliwa kwa mbali

KAMPALA – Wakazi wengi wa jiji hili hutegemea vyoo vya shimo na makaro, si mabomba ya majitaka. Ndiyo maana Mamlaka ya Jiji la Kampala (KCCA) iliingiza ufuatiliaji wa magari yanayonyonya uchafu huo.

Kifaa cha GPS garini hutambua lilipo gari kwa satelaiti na kutuma taarifa kupitia mtandao wa simu. Ofisini, ramani huonyesha kama mzigo umefika mtambo wa Lubigi, uliofunguliwa 2014, au Bugolobi.

Anayemwaga mtaroni hukwepa ada ya mtambo na gharama ya mafuta, hivyo hutoza bei ya chini na kumnyang'anya mwaminifu wateja. Akionekana kwenye ramani, ushindani huwa wa haki. Programu ya simu ya Weyonje nayo humuunganisha mteja na mwenye gari.