Mlima Elgon na Majirani Wasioujua

Asubuhi isiyo na mawingu, mwanafunzi wa Kitale huuona Mlima Elgon, na mwenzake wa Bungoma vivyo hivyo. Lakini msimu wa ziara za shule uwadiapo, basi huelekezwa Nairobi au Mombasa. Ajabu iliyoje! Wageni hutoka Ulaya kuja kukwea Koitobos, kilele chenye urefu wa mita 4,222, na kulitazama pango la Kitum, ambamo ndovu huingia usiku, wakapapasa njia gizani na kuuchimba mwamba kwa pembe zao ili walambe chumvi. Mwalimu wa jiografia ataka ubao gani zaidi ya huo?

Sisemi watoto wapelekwe kiholela. Watu wawili waliolizuru pango hilo, mmoja mwaka 1980 na mwingine 1987, walifariki kwa homa ya Marburg, ambayo virusi vyake hubebwa na popo. Basi na watazame wakiwa nje. Misitu ya mierezi na mipodo haina kizuizi hicho, na lango la Chorlim li karibu na Endebess.

Walimu wetu, basi la muhula ujao mmeliagiza liende wapi?