Mrushaji Asiyefungwa



Bila shaka unaufahamu mpira wa miguu. Timu ikimaliza mchezo bila kufungwa, watu humsifu mlinda mlango. Huko Marekani kuna mchezo uitwao besiboli. Katika mchezo huo, anayesifiwa kwa kazi hiyo ni mrushaji.

Mchezo huu huchezwaje?

Mrushaji husimama katikati ya uwanja akiwa na mpira mdogo mgumu. Wenzake 8 humsaidia kuudaka. Mpigaji wa timu ya pili humngoja na fimbo nene. Mpigaji akiupiga mpira vizuri, hukimbia. Hupita vituo 3, kisha hurudi pale alipoanzia. Akifika salama, timu yake hupata bao 1.

Kila timu hupewa zamu 9 za kupiga. Mrushaji akimaliza zamu zote peke yake, na wapinzani wasipate bao hata moja, huhesabiwa kuwa amemaliza mchezo bila kufungwa.

Warushaji hodari wa zamani

Ligi ya Taifa ya besiboli ilianza mwaka 1876. Mwaka huo timu ya St. Louis ilicheza michezo 64. George Bradley ndiye aliyeanza kurusha katika michezo yote. Katika michezo 16 hakufungwa. Mwaka 1916, Grover Cleveland Alexander wa Philadelphia naye alifikisha michezo 16. Mpaka leo hakuna aliyewapita kwa mwaka mmoja.

Lakini ukijumlisha miaka yote ya kucheza, wa kwanza ni Walter Johnson. Alizaliwa mwaka 1887 katika familia ya wakulima huko Kansas. Aliichezea timu ya Washington tangu mwaka 1907 hadi 1927. Alimaliza michezo 110 bila kufungwa. Alexander anamfuata kwa michezo 90.

Septemba 1908, Johnson alikuwa kijana wa miaka 20. Katika siku 4 alirusha michezo 3 dhidi ya timu ya New York. Yote mitatu hakufungwa.

Kuzuia peke yake hakutoshi

Sasa fikiri jambo hili. Johnson alishindwa mara 26 kwa bao 1 kwa 0. Alifungwa bao moja tu, lakini wenzake hawakufunga hata moja. Hata angezuia mpaka mwisho, bila bao la wenzake asingeshinda. Ilimbidi angoje mpaka mwaka 1924 ndipo Washington ikawa bingwa. Wakati huo alikuwa na miaka 36.

Siku hizi warushaji kadhaa hugawana mchezo mmoja. Mmoja akichoka, mwingine huingia, ili mkono usiumie. Ndiyo maana ni vigumu sana mtu kufikia michezo 110.

Mkono mmoja huzuia hasara. Faida huja wote wakifanya kazi. Ni hivyo uwanjani, na ni hivyo shambani.

Maswali

1. Mrushaji hufanya kazi gani?
2. Walter Johnson alimaliza michezo mingapi bila kufungwa? Alimzidi Alexander kwa michezo mingapi?
3. Kwa nini Johnson alishindwa ingawa alifungwa bao 1 tu?
4. Katika kijiji chenu, ni kazi gani haiwezi kufanywa na mtu mmoja? Jadilianeni darasani.