Sauti ya Mwimbaji na Maana ya Shairi

Shairi la Kiswahili liandikwapo hutambuliwa kwa mizani na vina. Liimbwapo huongezewa jambo la tatu, nalo ni sauti ya mwimbaji. Makala haya yakusudia kueleza jinsi sauti hiyo ichukuavyo huzuni, furaha au hasira, na jinsi maumbile ya Kiswahili yaipavyo nafasi.

Kwanza, yafaa ikumbukwe kwamba Kiswahili, tofauti na Kikuyu au Kiyoruba, hakipambanui maneno kwa kupanda na kushuka kwa sauti. Mkazo waweza kubadili maana, kama katika "barabára", yaani njia kuu, na "barábara", yaani sawasawa. Lakini jozi za namna hii ni chache. Kwa hiyo mwimbaji aweza kupandisha sauti au kuishusha bila ya kulipoteza neno.

Pili, silabi zetu aghalabu huishia kwa irabu. Katika usemi mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, na ile ya mwisho hufifia. Katika uimbaji mambo hugeuka: kina kimo katika silabi ya mwisho, na hapo ndipo mwimbaji wa taarabu awezapo kuivuta irabu, kuitetemesha, kuipunguza hata ikawa pumzi tu, au kuikata ghafula.

Ishara hizi si ngeni. Mwaka 2003 Juslin na Laukka walilinganisha tafiti 104 za usemi na 41 za muziki, wakaona zakaribiana sana: huzuni huja polepole, kwa sauti ya chini na dhaifu, hasira huja haraka, kwa sauti kubwa na kali, furaha huja haraka, kwa sauti ya juu. Mwimbaji, basi, huzikuza ishara zilizomo katika maneno ya kila siku.

Jambo hili lina uzito hasa katika mafumbo. Ubeti wa kumsifu jirani ukiimbwa kwa ulaini huweza kuwa sifa. Ukiimbwa kwa mkato na ukali huweza kuwa kijembe, na herufi ni zile zile. Maisha ya Siti binti Saad, aliyefariki mwaka 1950, twayasoma katika wasifu ulioandikwa na Shaaban Robert; lakini namna alivyoitumia sauti yake twaipata katika santuri alizoanza kurekodi Bombay mwaka 1928.

Kwa sababu hiyo, mkusanyaji wa nyimbo asiridhike na maneno peke yake. Na aihifadhi sauti pamoja na maandishi, tena atie alama mahali irabu ivutwapo, ikatwapo, na mwimbaji avutapo pumzi. Pasipo hayo, mfasiri wa kesho atasoma sifa mahali palipokusudiwa kijembe.