Vita vya dakika 38: nyota kwa Admirali, mabaharia wa Glasgow hawana jina

Na Mwandishi Wetu, Bredäng, Stockholm

Mzungu akisikia unatoka Zanzibar, kama hakukutajia karafuu basi atakukumbusha vita vifupi kuliko vyote duniani. Atakwambia vilichukua dakika 38, kisha atacheka. Kwetu sisi hakuna cha kuchekesha. Asubuhi ile ya tarehe 27 Agosti 1896 watu wapatao 500 waliuawa au kujeruhiwa, wengi wao ndani ya kasri lililokuwa likiwaka moto. Upande wa Waingereza alijeruhiwa baharia mmoja, naye akapona.

Lakini leo, ndugu msomaji, tuziache dakika. Tuzungumze juu ya nishani: nani alipewa, kwa kazi gani, na nani hakupewa.

Tuanze na baba mtu, Sayyid Barghash bin Said. Tufani kubwa ya mwaka 1872 ilipoziangamiza meli za Sultani, Barghash aliagiza meli mpya Uingereza. Ilimalizika mwaka 1878, ikaitwa Glasgow. Ilikuwa meli ya mbao yenye injini ya mvuke na milingoti mitatu, na ilikuwa na mizinga midogo saba. Barghash huyo huyo ndiye aliyeijenga Beit al-Ajaib mwaka 1883. Na ndiye aliyeanzisha, mwaka 1875, nishani ya Nyota Inayong'aa ya Zanzibar, ambayo Sultani aliwatunukia aliowaona wanastahiki heshima.

Meli, jumba na nishani vyote vilikuwa vya Barghash. Vishike vitu hivi vitatu, tutavirudia.

Tarehe 25 Agosti 1896 Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki ghafla. Sayyid Khalid, mtoto wa Barghash, akaingia kasrini na kujitangaza Sultani. Waingereza wakasema haiwezekani. Mkataba wa mwaka 1890 ulitaka Sultani mpya apate kwanza ridhaa ya balozi wao, nao walikuwa na mtu wao, Hamoud bin Mohammed. Khalid akakataa kutoka. Akakusanya watu wapatao 2,800: askari, watumishi na watumwa wa kasri, na raia wa mjini. Bandarini manowari za Kiingereza zikafika tano: Philomel, Thrush, Sparrow, Raccoon na St George, yenye bendera ya Admirali Harry Rawson. Khalid akapewa mpaka saa tatu asubuhi ya tarehe 27.

Saa tatu na dakika mbili mizinga ikaanza kulia. Kasri lilikuwa mbele kabisa ufukweni, bila ya ngome wala boma la mawe la kulikinga.

Dakika chache baadaye likatokea jambo ambalo wengi wanaosimulia vita hivi hulipita haraka. Glasgow, meli ya mbao iliyokuwa imetia nanga pale pale bandarini, ilifyatua mizinga yake na kuilenga St George.

Hebu tupime. Mizinga ya Glasgow ilirusha risasi za ratili 9. St George ilikuwa manowari ya chuma ya tani zaidi ya 7,000, na mizinga yake miwili mikubwa ilirusha risasi za ratili 380 kila moja. Mabaharia wa Glasgow walikuwa wakiishi ubavuni mwa manowari hizo na waliona kwa macho yao wanachokabiliana nacho. Hapakuwa na hesabu yoyote ambayo ingewapa ushindi. Walipiga hata hivyo. St George ikajibu, Glasgow ikatobolewa na kuanza kuzama. Mabaharia wake wakapandisha bendera ya Kiingereza kuonyesha kwamba wamesalimu amri, na boti za Waingereza zikaenda kuwaokoa. Hilo nalo lisemwe, maana utu ni utu hata ukitoka kwa adui. Na boti mbili ndogo za mvuke zilizojaribu kuipiga Thrush kwa bunduki zikazamishwa.

Kabla ya saa nne kufika, mizinga ilinyamaza. Khalid alikimbilia ubalozi wa Wajerumani, kisha akapelekwa Dar es Salaam. Alasiri ile ile Hamoud akatangazwa Sultani.

Sasa tuje kwenye nishani. Balozi Basil Cave alipewa na serikali yake nishani ya Bath, Januari 1897. Arthur Raikes, Mwingereza aliyeongoza askari wa Kizanzibari waliokuwa upande wa Waingereza, alipewa Nyota Inayong'aa mwezi mmoja tu baada ya vita. Lloyd Mathews akapata nishani mpya iliyoitwa kwa jina la Hamoud. Na Februari 1897 Admirali Rawson naye akatunukiwa Nyota Inayong'aa, daraja la kwanza.

Tazama mambo yalivyogeuka. Nishani aliyoianzisha Barghash alivishwa mtu aliyeizamisha meli ya Barghash, akaliunguza kasri na kumfukuza mtoto wa Barghash. Na waliomuunga mkono Khalid walitozwa fidia, ndani yake mkiwa na gharama za mizinga ile ile waliyopigwa nayo.

Rawson mwenyewe hakukaa sana. Mapema mwaka 1897 aliongoza jeshi lililouteka mji wa Benin, Afrika Magharibi, na kuchukua hazina zake za shaba, ambazo baadhi yake ziliishia hata katika makumbusho ya hapa Stockholm.

Simfanyi Khalid malaika. Kasri lake lilikuwa na watumwa, na utumwa ulifutwa kisheria Zanzibar mwezi Aprili 1897 chini ya huyo Hamoud aliyewekwa na Waingereza. Historia haina pande mbili zilizosafi. Lakini ushujaa wa baharia hauulizi nani mwenye haki ya kiti. Huulizwa alifanya nini saa ile ilipofika. Kwa kipimo hicho, waliosimama nyuma ya mizinga saba midogo walifanya jambo ambalo jeshi lolote duniani lingelitolea nishani. Wao hawakupata nishani, wala kwenye vitabu vinavyosomwa huku Ulaya hawana majina.

Hapa Sweden wanayo manowari iitwayo Vasa. Ilizama mwaka 1628 katika safari yake ya kwanza, mbele ya mji wenyewe, bila ya kupigana hata na ngalawa. Mwaka 1961 wakaiibua na baadaye wakaijengea jumba. Ukipanda treni hapa Bredäng ukaenda mjini, utaikuta imesimama. Hata mifupa ya waliozama nayo imepewa majina ya kubuni, na mwaka 2023 vipimo vya vinasaba vilionyesha kwamba mmoja aliyedhaniwa mwanamume alikuwa mwanamke. Karibu miaka 400 imepita, na bado wanawauliza maiti wao, "Wewe ulikuwa nani?"

Glasgow ilikaa chini ya bahari, milingoti yake ikichomoza juu ya maji mbele ya Forodhani, kwa miaka 16. Mwaka 1912 ikavunjwa na wazamiaji, mabaki yakatupwa. Beit al-Ajaib, iliyoponea chupuchupu asubuhi ile ya 1896, sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Disemba 2020 na kuua watu wawili.

Meli haitarudi. Lakini mabaharia wa Glasgow waliokolewa majini wakiwa hai. Walirudi majumbani, wakaoa, wakazaa, wakasimulia. Wajukuu na vitukuu vyao huenda wako Ng'ambo, Pemba, Mombasa, Muscat, pengine hata hapa Stockholm.

Kama nyumbani kwenu kuna hadithi ya babu aliyekuwa kwenye meli ile, mkalishe bibi kitako leo, kalamu mkononi, uliandike jina lake, kabila lake na mtaa wake. Admirali ameshapata nyota yake. Baharia wetu tumpe walau jina.