Salama kwa nyuzi: istilahi ya moduli za seva na kauli ya kutendana

Neno uzi (wingi nyuzi, ngeli ya U-ZI) lina makazi mengi katika Kiswahili cha leo. Fundi cherehani hulitumia kwa kile anachokipitisha katika tundu la sindano, na mpiga gitaa kwa kile anachokikaza kabla ya kupiga. Mshabiki wa mpira huita uzi jezi mpya ya timu yake, na wanaojadiliana mtandaoni huita uzi mfululizo wa hoja na majibu yake. Waandishi wa programu wameongeza maana ya tano: mfuatano mmoja wa maagizo unaotekelezwa na kompyuta, ukienda sambamba na mifuatano mingine ndani ya programu ileile. Maana hiyo ndiyo iliyozaa fungu la maneno salama kwa nyuzi, linalotajwa kila mara inapozungumzwa kazi ya kuandika moduli za nyongeza za seva ya tovuti.

Fungu hili lina utata wa aina mbili. Wa kwanza uko katika neno salama. Kiswahili hutumia mzizi mmoja kwa mambo mawili: kuepushwa na adui na kuepushwa na ajali. Msomaji wa Tanzania akisikia usalama wa mfumo, fikira yake huenda kwa wezi, nywila na wadukuzi, kama si kwa watu wa Usalama wenyewe. Moduli inaweza kulindwa na nywila ndefu kuliko zote, isidukuliwe hata siku moja, na bado isiwe salama kwa nyuzi, kwa sababu hatari inayozungumziwa hapa haitoki nje. Utata wa pili uko katika kihusishi kwa. Mtu aweza kusema amefika salama kwa meli, akimaanisha kwamba meli ndiyo iliyomfikisha. Kwa kipimo hicho, moduli salama kwa nyuzi ingekuwa ile iliyosalimika kutokana na nyuzi. Maana inayokusudiwa ni kinyume chake: moduli inayobaki sahihi ingawa nyuzi nyingi zinaipitia kwa wakati mmoja.

Ili maana hiyo ieleweke, ufaa mfano wa kubuni kutoka Kagera, mkoa ambao wakulima wake wamezoea kuandikiwa mazao yao katika madaftari ya ushirika tangu zamani. Bukoba ilikuwa na chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa tangu mwaka 1950. Mrithi wake, KCU (1990), hukusanya kahawa ya vyama vya msingi vya Bukoba, Muleba na Missenyi. Tuseme umejengwa mfumo ambamo karani wa kila kituo cha kupokelea kahawa huingiza uzito kwa simu, na seva moja iliyoko Bukoba mjini hutunza jumla ya kila mkulima. Mkulima mmoja ana kibanja Kamachumu, wilayani Muleba, na kingine Katerero, upande wa Bukoba. Asubuhi moja mkewe anapeleka magunia ya Kamachumu na kijana wake yale ya Katerero. Jumla iliyomo kwenye seva ni kilo 480 za kahawa ya maganda. Karani wa Muleba anaingiza kilo 65. Dakika ileile, karani wa Bukoba anaingiza kilo 40.

Seva inayapokea maombi hayo mawili na kuyakabidhi kwa nyuzi mbili. Mwandishi wa moduli, kwa nia njema ya kutoisumbua hifadhidata kila mara, ameiweka jumla katika kigeu kimoja kinachoonekana na nyuzi zote. (Kigeu ni jina la mahali penye thamani inayoweza kubadilika, lisichanganywe na kigeugeu, ingawa katika kisa hiki tofauti ni ndogo.) Kuongeza kilo ni tendo moja katika macho ya karani, lakini kwa kompyuta ni matendo matatu: kusoma jumla ya zamani, kujumlisha, kuandika jumla mpya. Uzi wa Muleba unasoma 480. Kabla haujaandika, uzi wa Bukoba nao unasoma 480. Wa kwanza unaandika 545, wa pili unaandika 520 juu yake. Jumla ya haki ni 585. Kilo 65 zimepotea bila mwizi, bila hitilafu ya umeme, bila karani yeyote kukosea tarakimu, na stakabadhi zote mbili zimetoka zikiwa na uzito sahihi. Mkulima atagundua siku ya malipo, ikiwa alitunza stakabadhi. Asipolipwa stahili yake huenda mwaka unaofuata akaingia katika butura, yaani kuuza kahawa ingali mtini kwa bei ya mwenye fedha mkononi.

Je, uzi gani ulikosea? Hakuna. Kila mmoja ukitazamwa peke yake ulifanya kazi yake barabara. Kosa liko baina yao. Hapa ndipo tafsiri za neno kwa neno zinapomwangusha mwanafunzi, na ndipo sarufi ya Kiswahili ina zana iliyo tayari.

Hali iliyoelezwa hapo juu, ambamo matokeo hutegemea ni nani aliyetangulia, ina jina la Kiingereza lililotokana na mashindano ya kukimbia, na tafsiri yake ya haraka ni hali ya mbio. Kwa Mswahili, mbio ni kasi: kwenda mbio ni kwenda haraka. Anayesoma hali ya mbio atadhani tatizo ni seva kwenda kasi mno, na dawa ni kuipunguza mwendo. Jina linalofaa zaidi ni hali ya kuwahiana, kutokana na kitenzi wahi katika kauli ya kutendana. Abiria wanaogombea basi la Muleba pale stendi ya Bukoba huwahiana viti: hakuna anayeshindania nishani, ila kila mmoja anataka atangulie mwenzake, na ni nani atakayekaa haijulikani mpaka wamekwisha kukaa. Ndivyo zilivyo nyuzi mbili mbele ya kigeu kimoja.

Tokeo la kuwahiana nalo lina jina zuri zaidi: kufutiana. Futa huwa futia katika kauli ya kutendea, na kauli hiyo ina maana pana kuliko kumtendea mtu jema. Mama asemapo mtoto amemfutia namba za simu, halalamikii msaada. Analalamikia hasara iliyompata. Ikiongezwa -an-, hasara inakuwa ya pande mbili. Nyuzi zilifutiana: kila mmoja ulikuwa na uwezo wa kuufutia mwingine, na ni bahati tu iliyoamua kama zingepotea kilo 65 au 40. Sentensi hiyo ya maneno mawili inabeba fundisho ambalo vitabu hulieleza kwa aya nzima, kwamba kosa hili halina mtendaji mmoja.

Kuna aina ya kufutiana iliyofichika zaidi, na ndiyo inayowanasa hata waandishi wazoefu wa lugha ya C, ambayo moduli nyingi za seva huandikwa kwayo. Mwandishi anaweza asiwe na kigeu cha pamoja hata kimoja katika msimbo wake, kumbe ameazima kutoka maktaba. Mbinu iitwayo strtok, inayokata mstari wa maandishi vipande vipande, hukumbuka ilipoishia katika mahali pamoja pasipoonekana na anayeiita. Uzi mmoja ukiwa katikati ya kukata jina la mkulima wa Katerero, mwingine ukaanza kukata la Kamachumu, wa kwanza utaendelea na mstari usio wake. Mbinu localtime, inayogeuza saa ya kompyuta kuwa tarehe na saa za kawaida, hurejesha anwani ya mahali panapoweza kuandikwa upya na yeyote atakayeiita baadaye. Ndivyo stakabadhi ya asubuhi inavyoweza kutoka na saa ya ombi jingine. Dawa yake inajulikana: kutumia strtok_r na localtime_r, ambazo humtaka mwitaji alete daftari lake mwenyewe la kuandikia. Herufi ile moja ya mwisho ndiyo tofauti yote.

Kanuni ya jumla ya kuandika moduli inayohimili nyuzi ni kutokuwa na cha kuwahiana. Katika seva ya Apache, kila ombi huja na hifadhi yake ya kumbukumbu, ambayo kwa Kiswahili inaweza kuitwa bwawa, na bwawa hilo hukaushwa ombi linapokwisha. Kinachohusu ombi kiwekwe katika bwawa la ombi. Kinachosomwa na maombi yote, kama vile orodha ya vituo, kiandaliwe seva inapowashwa kisha kisiguswe tena, kwani wasomaji wengi wasio na mwandishi hawafutiani. Jumla ya kilo isiwekwe katika moduli kabisa: iachwe kwenye hifadhidata, na hifadhidata iambiwe iongeze 65 badala ya kuambiwa iandike 545. Anayeagiza nyongeza hana haja ya kujua jumla ya zamani, kwa hiyo hana cha kusoma kilichopitwa na wakati.

Pale ambapo kitu cha pamoja hakiepukiki, hutumika kufuli. Neno hili limekubalika na halina sababu ya kung'olewa, ila lina picha isiyo sahihi kabisa. Kufuli la duka humfungia nje asiye na ufunguo. La moduli humfungia nje kila mtu isipokuwa mmoja, kwa muda mfupi, kisha humpisha anayefuata. Kilicho karibu nalo ni zamu kwenye mzani: gunia moja hupandishwa, likasomwa, likaandikwa, likashushwa, ndipo linalofuata lipande. Kumwambia mwanafunzi kufuli la zamu kunamwokoa na kosa ambalo ni la kawaida mno, la kufunga wakati wa kuandika tu na kuacha kusoma nje ya zamu. Aliyesoma mzani kabla ya zamu yake ameshachukua namba ya gunia la mwenziwe.

Kufuli likiwa zaidi ya moja huzuka balaa jingine. Uzi mmoja umeshika kufuli la jumla na unangoja la stakabadhi. Mwingine umeshika la stakabadhi na unangoja la jumla. Zitangojana mpaka mtu aizime seva. Mkwamo ni neno linalotumika, lakini gari hukwama peke yake katika tope. Hapa pana wawili, na kila mmoja ndiye tope la mwenziwe. Mngojano, kwa mfano wa mvutano na mgongano, lingesema ukweli huo kwa ufupi. Kinga yake ni utaratibu tu: nyuzi zote zishike makufuli kwa mpangilio mmoja, la jumla kwanza, la stakabadhi baadaye.

Kwa nini makosa haya huishi muda mrefu bila kuonekana? Sehemu ya jibu ni ya kihistoria. Kabla ya toleo la 2.0 la mwaka 2002, Apache katika mifumo ya aina ya Unix ilihudumia kila ombi kwa mchakato wake. Michakato ni kama makarani katika vyumba mbalimbali, kila mmoja na meza yake; nyuzi ni makarani waliokaa meza moja. Moduli zilizoandikwa enzi ya vyumba zilifanya kazi miaka mingi, kisha zikahamishiwa mezani. Hadi leo seva hiyo inaweza kuendeshwa kwa utaratibu wa prefork, ambao hurudisha vyumba, na moduli mbovu ikaonekana nzima. Inaonekana tu, kwa maana jumla iliyowekwa katika kumbukumbu ya mchakato mmoja haionekani na mwingine: makarani hawafutiani, ila kila mmoja ana jumla yake ya pekee. Tangu toleo la 2.4 la mwaka 2012, utaratibu wa kawaida katika mifumo inayouwezesha ni event, unaotumia nyuzi.

Sehemu ya pili ya jibu ni ya kibinadamu. Anayejaribu moduli huijaribu peke yake, ofisini, kwa ombi moja baada ya jingine, na mtu mmoja hawezi kuwahiana. Moduli hupita majaribio yote ya mwezi wa Februari, kisha huvurugika siku ya mnunuo mkubwa, magunia yakiwa yamepangwa mpaka barabarani. Na ikichunguzwa jioni, foleni ikiwa imekwisha, haionyeshi dalili yoyote. Majaribio ya haki hutuma maombi mamia kwa pamoja kwa mkulima mmoja wa majaribio, kisha hulinganisha jumla na hesabu ya mkono.

Katika matumizi, basi, salama kwa nyuzi lifaa kama lebo katika jedwali au kichwa cha hati, mahali ambapo msomaji tayari anaijua mada. Katika nathari, inayohimili nyuzi ni wazi zaidi, kwa kuwa kuhimili humfanya msomaji aulize ni mzigo gani unaohimiliwa. Lebo peke yake haitoshi kwa mtu atakayeirithi moduli. Juu ya faili panahitajika maelezo ya aina hii: «Moduli hii inahimili nyuzi. Haina kigeu cha pamoja kinachoandikwa baada ya seva kuwashwa. Jumla ya kilo huongezwa na hifadhidata, wala haisomwi hapa.»